"Mambo ya nyumba" iko na umri gani? Kampi, sheria na jeuri ya nyumbani kwetu Musonoi

Kwetu Musonoi, mwanamke akilia usiku, majirani wanasikia. Nyumba za kampi ziko karibu-karibu, mtu akikohoa unajua ni nani. Lakini kila mara mkubwa mmoja atasema: "Tubaache, ni mambo ya nyumba." Basi watu wanarudi kulala. Asubuhi yule mama anapita kwenda kuchota maji, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye jicho, tunamsalimia "Jambo mama", anaitika, anaendelea.

Mimi nilisoma agronomia, si historia wala sheria. Lakini kazi ya shamba inafundisha kitu kimoja: ukikuta mmea mahali, usifikiri uliota hapo tangu dunia iumbwe. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, mihogo vilevile. Leo ukimwambia mzee wa hapa kwamba bukari haiko chakula cha bankambo wa zamani sana, atakasirika. Haya maneno ya "mambo ya nyumba" nayaona sawasawa na mahindi. Tunayasema kama vile tuliyarithi kwa bankambo. Ukifuata historia ya kampi yetu, unakuta ni maneno ya juzi tu.

Na hayatembei peke yake, yako na ndugu zake. Kwamba kupiga bibi ni desturi yetu Waafrika. Kwamba ni umaskini ndio unapiga, au ni lutuku. Kwamba ni mambo ya watu wasiosoma, wa migodini. Kwamba jeuri ya kweli juu ya wanawake iko kule Kivu, kwenye vita, si huku kwetu ambako kuna amani.

Hilo la Kivu nalianza kwanza, juu ni rahisi kulijibu. Dunia nzima inajua Kongo kwa ubakaji wa vita. Ni haki yake kujua: Dr Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kazi ya kuwatibu wanawake hao. Lakini mwaka 2011 watafiti watatu, Amber Peterman, Tia Palermo na Caryn Bredenkamp, walichapisha katika jarida moja la afya la Marekani hesabu waliyoifanya kutoka uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007. Walikadiria kwamba wanawake kati ya milioni 1.69 na milioni 1.80 katika nchi yetu walikuwa wamebakwa katika maisha yao. Kisha wakahesabu wale waliolazimishwa tendo la ndoa na bwana au mpenzi wao wenyewe: kati ya milioni 3.07 na milioni 3.37. Karibu mara mbili. Soma tena kama hukuelewa. Mwanaume wa kuogopa zaidi, kwa hesabu, haiko yule wa porini mwenye bunduki. Ni yule mwenye ufunguo wa nyumba. Na wanaume wenye ufunguo wako Kivu, wako Kinshasa, wako Kolwezi.

Sasa tuje kwa bankambo.

Watu wanaposema "desturi yetu", mimi nauliza: desturi ya nani? Kampi ya Musonoi haikuwa kijiji cha watu wa lugha moja. Waluba, Wasanga, Walunda, Wandembo, Watshokwe, Wabemba, watu wa Kasai, wote waliletwa au walikuja kutafuta kazi. Desturi zao juu ya ndoa hazikufanana hata kidogo. Kwa Waluba mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Wandembo na Watshokwe mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Victor Turner, mwanachuoni Mwingereza aliyeishi na Wandembo upande wa Mwinilunga, Zambia ya leo, alitoa kitabu mwaka 1957 juu ya maisha yao. Jambo moja analoonyesha wazi ni kwamba ndoa zilivunjika mara nyingi. Mwanamke akichoka, anarudi kwa ndugu zake, anapokewa, analima shamba lake la mihogo. Bwana alijua hivyo. Kwenye Walunda tena, ku Musumba kwa Mwant Yav, kuna vyeo vikubwa vya utawala ambavyo ni vya wanawake, kama Lukonkesha.

Sisemi zamani ilikuwa paradiso. Wanawake walipigwa zamani pia, na ukoo wa mama haukumzuia kila bwana mwenye mkono mzito. Ninachosema ni hiki: katika vijiji vile kulikuwa na mahali pa kukimbilia, na kulikuwa na watu wenye haki ya kuingia na kuuliza. Wajomba walikuja. Mahari yalizungumzwa. Kikao kiliwekwa mbele ya watu. Hakuna nkambo aliyefundisha kwamba mlango wa nyumba ukifungwa, ukoo unakuwa kiziwi. Kama ni desturi mnataka, basi desturi yenyewe ilikuwa kuingilia.

Halafu ikaja kampuni.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilichukua wanaume peke yao, wengi kutoka mbali, kwa mikataba mifupi. Walikufa sana, walitoroka sana, na kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi aliokwisha kujifunza. Kwa kampuni ilikuwa hasara. Kuelekea mwaka 1928 wakabadilisha mipango: mikataba ya miaka 3, na mfanyakazi aje na bibi yake. Mtu mwenye bibi na watoto hatoroki. Kampuni ilikuwa tayari hata kumkopesha mfanyakazi mahari ili aoe. Mkubwa wa mipango hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, na mwaka 1946 aliandika kijitabu kueleza siasa ya kampuni juu ya wafanyakazi weusi. Ukikisoma unaona anamtazama mfanyakazi kama mtoto, na kampuni kama mzazi anayepaswa kumlea, kumlisha na kumrudi.

Kolwezi ilijengwa ndani ya mawazo hayo, na Musonoi ndani ya Kolwezi. (Wakusanyaji wa mawe kule Ulaya wanalijua jina la Musonoi kwa sababu ya mawe ya kijani yaliyotoka kwenye shimo letu. Watu waliolichimba hawawajui.) Nyumba zilipangwa kwa mistari. Mtu alikuwa na namba yake ya kazi, na namba hiyo ndiyo ilikuwa ufunguo wa kila kitu: nyumba, posho, hospitali, masomo ya watoto. Posho ilipimwa kwa kuhesabu vichwa: baba kiasi hiki, mama kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Bibi alipelekwa foyer kujifunza kushona, kupika, kusafisha nyumba. Mtoto alipimwa kilo. Kampuni ilijua nani ana mimba, nani ana mgeni asiyeandikwa, nani hakuenda masomo.

Na maneno kati ya bwana na bibi? Shefu wa kampi aliyakata. Alikuwa na polisi wake wa kampi, alikuwa na wazee waliochaguliwa kwa kila lugha, na watu walipelekwa mbele yao. Si kwa sababu aliwapenda wanawake. Mtu aliyegombana usiku kucha haendi kazini, au anaenda na kuumiza mwenzake ku mashine, na tani za shaba zinapungua. Mwanamke aliyejeruhiwa anajaza kitanda cha hospitali ya kampuni. Bibi aliyekimbilia kwao anamfanya bwana naye afikirie kuondoka. Yote ilikuwa ni hesabu. Hukumu yenyewe mara nyingi ilikuwa ni kumwambia mama arudi nyumbani akae kimya, na mwanamke aliyeonekana mkaidi aliweza kufukuzwa kwenye kampi. Lakini mnaona? Hakuna mtu katika kampi ile aliyesema "ni mambo ya nyumba". Nyumba haikuwa ya bwana. Ilikuwa ya kampuni, na kampuni iliingia bila kubisha.

Hapa ndipo mambo mawili yalizaliwa pamoja, na mpaka leo tunayachanganya. La kwanza, kampuni ilimfanya mwanaume kuwa mkubwa wa nyumba kwa namna ambayo hata kijijini hakuwa. Kijijini bibi alikuwa na shamba lake na ghala lake. Ku kampi, kila kitu alichokula kilipitia namba ya bwana. Migodini wanawake hawakuajiriwa. Bwana akifa, au akimfukuza, nyumba inaondoka, posho inaondoka, na watoto wanatoka masomo ya kampuni. Mwanahistoria wetu wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa mwaka 2001 kitabu kizima juu ya familia za wafanyakazi hawa, akawaita kwenye kichwa cha kitabu watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Alikusanya maneno ya wafanyakazi na bibi zao, na picha inayotoka ni ya mwanaume mwenye kutegemea kampuni kwa kila kitu, na mwanamke mwenye kumtegemea mwanaume huyo kwa kila kitu. Mshahara wenyewe, bwana wengi waliuficha. Mama alijua posho, hakujua franga.

La pili, huyo mkubwa wa nyumba alikuwa na mkubwa juu yake. Shefu wa kampi alimrudi yeye, yeye alimrudi bibi. Mtu aliyeitwa mtoto kazini mchana kutwa, jioni alifika nyumbani kuwa mzazi. Sitaki kusema hii ndiyo sababu ya jeuri yote, lakini mfano wa kutawala watu wazima kwa kuwarudi kama watoto, tuliusoma kila siku, kwa miaka mingi, ku kampi.

Na sheria? Watu wa rika letu wakibishana juu ya jambo hili, mwishoni mwanaume mmoja atasema: "Hata sheria inasema mwanaume njo shefu wa nyumba, bibi anapaswa kutii." Alikuwa na haki, mpaka mwaka 2016. Kode ya Familia, sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 444, ilisema bwana ni mkubwa wa nyumba, anapaswa kumlinda bibi yake, na bibi anapaswa kumtii bwana yake. Kifungu cha 448 kilitaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa kila tendo la kisheria linalomlazimu kutimiza jambo yeye mwenyewe. Ilikuwa wakati wa Mobutu, wakati wa kurudi kwa mila zetu, majina yetu, abacost. Basi watu wengi wanaamini kifungu hicho ni sauti ya bankambo iliyowekwa kwenye karatasi.

Sasa chukua Kode ya Napoleon, Paris, mwaka 1804, kifungu cha 213. Inasema bwana anapaswa kumlinda bibi yake, bibi anapaswa kumtii bwana yake. Ni sentensi ileile, karibu neno kwa neno! Ubelgiji wakati ule ilikuwa chini ya Ufaransa, ikabaki na kode hiyo hata baada ya kuwa nchi yenyewe. Wabelgiji wakaja nayo Kongo ndani ya mizigo yao ya sheria. Wafaransa waliliondoa neno la utii mwaka 1938. Wabelgiji waliliondoa mwaka 1958. Sisi, miaka 27 baada ya uhuru, tukaliandika upya, tukalivalisha abacost, tukaliita utamaduni. Kila nikifikiri jambo hili nacheka, halafu sicheki tena.

Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha Kode. Ruhusa ya bwana iliondoka: leo mwanamke aliyeolewa anatafuta kazi, anafungua konti, anaenda mahakamani bila barua ya mtu. Lakini maneno kwamba bwana ni mkubwa wa nyumba yalibaki mule ndani. Wabunge hawakuthubutu, au hawakutaka.

Naomba mtazame muda huo, 1987 mpaka 2016. Ni miaka 29. Mama zetu wote walioolewa kisheria waliishi ndani yake. Mwanamke alikuwa na diploma ya ualimu, anasimamia darasa la watoto 50, lakini ili asaini karatasi ya kiwanja alihitaji ruhusa ya mwanaume. Katika kazi yangu naona mabaki yake mpaka leo. Ukienda kuandikisha watu kwa ajili ya mbegu na mbolea, shamba limelimwa na mama, mama ndiye anayejua mstari gani ulioza na mstari gani uliliwa na viwavi, lakini kwenye orodha linaandikwa jina la baba. Ukimuuliza mama kwa nini, anasema ndivyo inavyofanyika. Mavuno yakiuzwa, franga zinafuata jina. Mama akiuliza franga ziko wapi, ugomvi unaanza, na asubuhi watasema mama huyo ana mdomo mrefu. Jeuri ya nyumbani haianzi na kofi. Mara nyingi inaanza na orodha.

Lakini jambo moja wale wa "sheria inasema" hawajawahi kulisoma. Hata kifungu kile cha 444, siku ya nguvu yake kubwa, hakikumpa mtu ruhusa ya kupiga. Kode ya Makosa ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Januari 1940, ya wakati wa Wabelgiji. Kifungu chake cha 46 kinamwadhibu mtu aliyempiga au kumjeruhi mtu mwingine kwa kusudi. Hakisemi "isipokuwa bibi yake". Hatuna mpaka leo sheria maalumu ya jeuri ya nyumbani kama nchi nyingine, hilo ni kweli na ni aibu. Lakini kusema kupiga bibi haiko kosa kwa sheria ya Kongo ni uwongo, na ulikuwa uwongo hata wakati nkambo zetu walikuwa wanapanga mstari wa posho.

Sasa turudi ku kampi, tuone jinsi mlango ulivyofungwa.

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière iliingia mikononi mwa serikali, na baadaye tukaizoea kwa jina la Gécamines. Maisha ya kampi yaliendelea kwa sura ileile: posho, hospitali, masomo, shefu wa kampi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Kisha mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, hapa hapa jirani. Ukaja uporaji, yakaja mabaya ya 1992 na 1993 ambapo ndugu wa Kasai walifukuzwa Kolwezi, familia zilizochanganyika zikapasuliwa katikati. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 40,000. Mishahara ikasimama, miezi kwa miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa franga za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walipewa malipo ya mwisho na kutoka. Waliita hiyo "kuondoka kwa hiari". Waulizeni wazazi wenu hiari ilikuwa wapi.

Kampuni ilipoondoka, iliondoka na kila kitu: posho, hospitali ya bure, na yule shefu wa kampi wa kukata maneno. Wazee wa lugha walizeeka, hakuna aliyewaweka wengine. Ukoo? Ukoo ulikuwa umebaki kijijini vizazi viwili nyuma. Mama wa Musonoi mwaka 2004 hakuwa na mjomba wa kuja, hakuwa na shefu wa kampi wa kuita, na polisi wa serikali alitaka franga ya fomu kabla ya kusikia. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, nyumba ilibaki na mtu mmoja tu mwenye amri ndani yake. Na hapo ndipo tukaanza kusema kwa nguvu: ni mambo ya nyumba. Tulikuwa tumebaki bila mtu wa kuingia, tukageuza upungufu huo kuwa heshima.

Watu watanijibu kwamba wanaume walipoteza kazi, ndiyo maana walianza kupiga. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba mambo yaligeuka. Mama walianza kuuza unga, mafuta, samaki wa chumvi, wengine wakaenda mtoni kusafisha mawe ya creuseurs. Mama akawa ndiye analeta bukari, na baba aliyefundishwa kwamba ukubwa wake unatoka kwenye namba ya kazi alibaki bila namba. Mwanachuoni Benjamin Rubbers ameandika vizuri juu ya wanaume hao wa Gécamines na jinsi walivyojiona baada ya hapo. Uchungu wao sio mchezo, nimewaona, baadhi ni baba zetu.

Lakini fikirieni kidogo. Mtu aliyenyimwa mshahara miezi 20, kwa nini hakumpiga yule bosi aliyemnyima? Kwa nini hakumpiga mwenye duka anayemdai? Mlevi wa lutuku anayumba njia nzima kutoka sokoni, anakutana na polisi, anakutana na pasta, anakutana na jirani mwenye misuli, hampigi hata mmoja. Anafika nyumbani, anapiga bibi. Basi lutuku inajua kuchagua? Hasira inayochagua mtu wa kumpiga, na kuchagua kila siku yule ambaye hatapigwa nyuma, hiyo haiko hasira tu. Na wanaume wengi walifukuzwa mwaka ule ule, wakala njaa ileile, na hawakuinua mkono. Tena wakati shaba ilikuwa tani 450,000 na posho inafika, mabibi walipigwa vilevile. Umaskini unaongeza moto, unamnyima mama nauli ya kukimbia. Lakini umaskini wenyewe hauna mikono.

Na sisi wenye lisansi? Hapa nitasema wazi, juu ukurasa huu ni wetu. Tunapenda kufikiri jeuri iko kwa creuseurs, kwa watu wa hema za plastiki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba wanawake 52 kwa 100, wenye miaka 15 hadi 49, walikuwa wamepigwa angalau mara moja tangu walipofika miaka 15. Ni zaidi ya nusu, nchi nzima. Huwezi kuwaweka wote kwenye hema za plastiki. Na katika uchunguzi huo huo, wanawake 75 kwa 100 walikubali kwamba kuna sababu fulani ambayo bwana akiwa nayo, ana haki ya kupiga: kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, kubishana, kuacha watoto, kukataa kitanda. Wanaume waliokubali walikuwa wachache kuliko hao. Wanaume wengine wanaichukua hesabu hiyo na kufurahi: "Mnaona, wao wenyewe banapenda." Hapana. Mtu ambaye nyumba yake, posho yake na watoto wake vilining'inia kwenye namba ya mtu mwingine, kutoka kwa nkambo wake mpaka kwa mama yake, amejifunza kutaja sababu ya kofi ili angalau ajue namna ya kulikwepa. Mama aliyemwambia binti yake "usiunguze sombe, bwana atakupiga" hakuwa anampenda anayepiga.

Mwenye lisansi hapigi mbele ya watu, hilo nalikubali. Ana namna nyingine. Anaweka simu ya bibi mezani na kusoma kila ujumbe. Anamwambia aache kazi ya ofisi kwa sababu "nitakulisha". Anachukua karta ya benki. Mshahara wake mwenyewe hausemi, kama vile babu yake wa Union Minière alivyoficha franga zake. Na akipiga, anapiga mahali ambapo nguo inafunika. Halafu Jumapili yuko kanisani mstari wa mbele, na sisi tunamwita "Ingénieur".

Leo kampuni mpya za migodi zimefika mpaka kwenye mlango wa Musonoi. Nyumba zikipasuka kwa sababu ya milipuko, watu wanaandika malalamiko, wanapima ufa kwa sentimita, wanapiga picha, na tunagombania fidia kwa haki yetu kabisa. Tumejifunza kusema kwamba ukuta wa nyumba yangu ni jambo la watu wote. Hakuna aliyesema "ni mambo ya nyumba" juu ya ufa.

Kwa hiyo kwa yule ambaye atasikia kelele wiki hii, haya ndiyo yaliyomo katika Kode ya 1940, bila mapambo. Kifungu cha 46: kupiga au kujeruhi kwa kusudi, kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6, na faini. Kifungu cha 47: kama kipigo kimeleta ugonjwa au kimemfanya mtu ashindwe kufanya kazi yake, kifungo cha miaka 2 mpaka miaka 5. Kifungu cha 48: kama mtu amekufa, hata kama hakukusudiwa kuuawa, miaka 5 mpaka 20. Polisi mpelelezi, yule tunayemwita OPJ, ana uwezo wa kuandika barua ya kumtaka daktari ampime mama. Karatasi ya daktari iseme alama ziko wapi na mama atakosa kazi siku ngapi, kwa kuwa siku hizo ndizo zinazotenganisha kifungu cha 46 na cha 47. Aende mapema, kabla uvimbe haujashuka. Na jirani aliyesikia aandike siku na saa usiku uleule, kwenye simu inatosha, juu baada ya wiki mbili familia zitakaa, watakunywa, watapatana, na kila mtu atasema hakumbuki vizuri.